Makofi Hayanyooshi Picha
Juzi nilipita kwenye duka la kuchapishia kazi hapa Tabaka, nikamkuta kijana ameipiga makofi monita ya zamani, ile yenye kisogo kirefu, hadi kiganja kikamuuma. Picha ilikuwa imevutika upande mmoja kama shuka lililoanikwa vibaya, na kona yake imegeuka zambarau. Nikatazama mezani: spika kubwa imebanana ubavuni pa monita. Spika ina sumaku, na monita ya aina hii huchora picha kwa miale ya elektroni, ambayo sumaku huivuta ikatoka njiani. Tukaisogeza spika mbali, tukazima na kuwasha. Ukasikika ule mvumo mfupi, duum, wa waya unaoondoa usumaku kwenye kioo, na zambarau ikafifia. (Ukitaka kurudia, subiri kama nusu saa mtambo upoe.) Lakini nyeupe bado ilikuwa manjano. Nikachomoa kebo ya VGA, yenye pini 15 ikiwa haijapungukiwa: moja imelala, na kichwa kizima kimejaa vumbi la mawe ya sabuni, lile linaloingia kila mahali mjini humu, hata kwenye chai. Bluu haikuwa ikifika, na nyeupe bila bluu ni manjano. Tukainyoosha pini kwa sindano. Kifuniko cha nyuma sikukigusa, na kijana nilimkataza: ndani mnaweza kubaki umeme wa maelfu ya volti hata baada ya kuchomoa waya ukutani. Mwenye duka alitaka kujua jambo moja tu, spika yake itarudi lini mezani.