Nambari zilizonifanya nikate simu ya mama

Kama umewahi kumkemea mtoto kwa sababu ya simu, sogea karibu. Ya leo yanatuhusu sisi wakubwa.

Yalianza likizo ya Agosti. Usiku mmoja nilimpokonya binti yangu simu, nikamwambia michezo itamharibia masomo. Alipokwenda kulala niliifungua nione ni nini hasa kinachomkosesha usingizi. Nilikuta mraba wenye vyumba 16, vinne kwa vinne, na ndani yake nambari mbili tu. Hakuna bunduki wala magari ya mbio. Nikacheka. Nilipoinua kichwa, ilikuwa saa nane na robo usiku.

Mchezo huo unaitwa 2048. Ukisukuma kwa kidole, nambari zote hukimbilia upande mmoja, na mbili zinazolingana zikigongana huwa moja: 2 na 2 huwa 4, 4 na 4 huwa 8, hivyo hivyo hadi 2048. Lakini kila unaposukuma, 2 au 4 nyingine huchipuka penye nafasi. Vyumba vikijaa na pasiwe na zinazolingana, umekwisha. Nimepiga hesabu nikaona kwamba kufika huko huhitaji kusukuma mara 900 hivi. Aliyeuunda ni kijana Mwitaliano, Gabriele Cirulli, ambaye mwaka wa 2014, akiwa na miaka 19, alitumia wikendi moja tu kujipima kama angeweza kuunda mchezo. Wikendi yake moja imemeza zangu ngapi!

Wa rika langu mtamkumbuka yule nyoka wa simu za Nokia. Akijigonga, uliitia simu mfukoni ukaendelea na shughuli zako. Huu wa nambari ni mjanja zaidi. Ukishindwa, unaona wazi pale ulipokosea, na unaapa kwamba safari hii hukosei. Hapo ndipo uliponinasa.

Basi nikautia katika simu yangu. Nikipika, nacheza. Bwana akiuliza, nasema nasoma ujumbe wa kazini. Jioni moja matatu ilinipitisha Makadara, nikashtuka nipo Donholm, utingo akidai nauli ya ziada. Binti yangu, ambaye bila shaka alijua siri yangu, alinichungulia begani siku moja akasema, "Mama, ile kubwa iweke pembeni, usiitoe hapo." Nikafuata ushauri wa yule yule niliyempokonya simu.

Kisha ikaja Jumapili moja, saa mbili usiku. 1024 ilikuwa imetulia pembeni, ubavuni mwake 512, halafu 256. Mara jina la mama likatokea kwenye kioo na kufunika safu nzima. Mama yuko Kitale, na simu yake ni mulika mwizi. Nikabonyeza kile kitufe chekundu. Akapiga tena, nikabonyeza tena. Nitampigia nikimaliza, nikajisemea.

Saa nne kasoro nikafika 2048. Nilipiga kelele jikoni peke yangu, kisha nikalala.

Nilimkumbuka Jumatatu mchana, nikila chakula. Sauti yake ilikuwa chini. Alinieleza kwamba mguu ulikuwa umemvimba, na alitaka kuniuliza kama ameze dawa yake ya presha au angoje. Hatimaye kijana wa jirani alimpakia kwenye bodaboda usiku ule, wakaenda zahanati. Alikuwa amepewa dawa na alikuwa nafuu.

"Mbona hukuendelea kupiga, Mama?"

"Nilipiga mara mbili, mwanangu, ikakatika. Nikajua uko kazini. Nyinyi watu wa magazeti hamna Jumapili. Nikaona nisikusumbue."

Nilitafuta neno la kumjibu, nikalikosa. Nikamuuliza habari za ng'ombe.

Mchezo niliufuta siku hiyo hiyo. Mama sijamwambia, ingawa tangu hapo nimekwenda Kitale mara mbili, na mara zote nilipanda gari nikiwa nimeyapanga maneno vizuri.

Wiki iliyopita binti yangu aliona hauko tena kwenye simu yangu. Akauliza nilifika ngapi kabla ya kuufuta.

"2048," nikasema.

Akanipigia makofi.