Maumivu Yana Msamiati Wake

Mwaka 2003, Dkt. Sanjeev Arora wa Chuo Kikuu cha New Mexico, Marekani, alianzisha mpango wa ECHO, ambao kwao matabibu wa mashambani hufunzwa na mabingwa kupitia mtandao bila kuzihama zahanati zao. Baadaye maumivu sugu, yaani yanayozidi miezi 3, yaliingizwa katika masomo hayo. Huo ni mfano mwema. Hata hivyo, mafunzo ya namna hiyo yakitolewa hapa Kenya kwa Kiingereza pekee, hayatamfikia mgonjwa.

Mnamo 1975, Ronald Melzack wa Chuo Kikuu cha McGill, Kanada, alichapisha hojaji yenye maneno 78 ya kueleza maumivu, kwani namna ya maumivu humwelekeza tabibu kwenye chanzo. Mgonjwa wetu naye hunena kwamba kichwa kinawanga, tumbo linasokota, mbavu zinachoma. Akisema nyayo zinawaka moto kisha zinakufa ganzi, huenda neva zimedhurika, na vidonge vya kawaida vya maumivu havitamfaa sana. Tabibu aliyezoezwa kuuliza tarakimu tu, 0 hadi 10, ataipoteza habari hiyo yote (na mgonjwa ataambiwa hajui kujieleza!). Waandalizi wa masomo haya na wawaite walimu wa Kiswahili kabla hawajawasha mitambo.