Wabadilike, kwa Chombo Gani?

Reli mpya ilifunguliwa 2017, kisha mizigo ikaamriwa ikatolewe Nairobi. Vijana wetu wa Kilindini wakaambiwa: badilisheni kazi. Amri iligeuzwa 2022, lakini nasaha ile ingali midomoni mwa wakubwa. Siipingi, nauliza tu, mtu ahame na nini mkononi?

Mtazameni Ustadh Abdilatif Abdalla, mzaliwa wa Mombasa. Alifungwa 1969 hadi 1972. Alipotoka alikwenda Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kisha BBC London, kisha akasomesha Leipzig. Kazi tatu, chombo kimoja: Kiswahili chake. Nami nilitoka chuoni kwa maalimu nikafika gazetini kwa chombo hichohicho.

Basi anayewahimiza vijana wabadilike, kwanza awape ujuzi wa kuhama nao. Wassalaam.