MAUA HAYAFUNGI NDOA



Leo nataka kusema juu ya maua. Labda mtacheka na kusema: "Mzee huyu amekosa maneno! Barabara zimeharibika, bei za sokoni zinapanda, watu wamekimbia vita, naye anatuletea maua." Ngojeni kidogo. Nasema juu ya maua kwa sababu nimeona ndoa ya kikristu ikizuiliwa nayo.

Katika parokia yetu kuna kijana mmoja na mchumba wake. Wote wawili walifundishwa vizuri. Mahari ilitolewa, wazazi walikubaliana, majina yao yalitangazwa kanisani. Padri akawapa siku. Siku ile ikapita. Wakapewa siku ya pili, ikapita nayo. Tukauliza: kuna kizuizi gani? Hakikuwa kizuizi cha Eklezya. Komite ya arusi ilikuwa imeandika karatasi ndefu: maua ya ukumbi, maua ya motokari, maua ya meza kubwa, maua ya wasichana kumi wa kumsindikiza bibi arusi, na fungu la bibi arusi mwenyewe, yote ya rangi moja, yote ya kuagizwa mbali. Feza hazikutosha. Basi wakaanza kukaa pamoja, "kwa kungojea tu." Leo wana mtoto wa pili. Kila Dominika, wengine wanapokwenda kupokea Komunyo takatifu, wao wanabaki kwenye benchi wakiangalia chini.

Nani amewanyima Mwili wa Kristu? Padri? Hapana. Wazazi? Hapana. Maua!

Nini inayofunga ndoa?

Tukumbuke mafundisho tuliyopata kwa katekista. Ndoa inafungwa na mapatano ya mwanamume na mwanamke walio huru, wanaosema "ndiyo" kwa moyo wote. Sheria ya Eklezya ya mwaka 1983, katika kanuni ya 1108, inataka mapatano hayo yafanyike mbele ya padri au shemasi mwenye ruhusa, na mbele ya mashahidi wawili. Hesabuni basi: wachumba wawili, mhudumu mmoja wa Eklezya, mashahidi wawili. Watu watano! Someni kanuni ile toka mwanzo mpaka mwisho, hamtaona ua hata moja.

Papa Fransisko, aliyefariki mwaka 2025, aliandika juu ya jambo hili katika barua yake Amoris Laetitia ya mwaka 2016. Alionya kwamba nguo na karamu na mapambo hula feza na nguvu za wachumba, na kwamba wengine mwishoni hawafungi ndoa kwa sababu ya garama za sherehe. Akawahimiza vijana wawe na moyo wa kufanya tofauti na watu wengine. Nilipoyasoma maneno yale nilidhani amepita katika mtaa wetu.

Karatasi ya "maana ya maua"

Kuna ugonjwa wa pili. Siku hizi vijana wanapitisha katika simu zao karatasi ya "maana ya maua." Ua hili ni upendo, lile ni wivu, lile ni kifo. Wanaishika kama katekisimu. Najua kijana aliyempelekea mchumba wake mawaridi ya manjano, yale ambayo wengi wetu huita roza. Aliyachuma kwa mama yake, kwa moyo mweupe. Rafiki za msichana wakafungua karatasi yao: "Loo! Manjano ni udanganyifu. Huyu ana mwanamke mwingine." Msichana akalia siku mbili. Ilibidi mashangazi waingie katikati.

Tuulize basi: karatasi hii ilitoka wapi? Je, ilitoka kwa Mungu? Ilitoka kwa mababu zetu? Hapana. Mwaka 1718 Lady Mary Wortley Montagu, mke wa balozi wa Uingereza katika mji wa Istanbul, aliandika nyumbani kwamba huko Uturuki wapendanao hupelekeana habari kwa vitu vidogo, kama maua na matunda. Watu wa Ulaya wakapenda mchezo huo. Mwaka 1819 kule Paris kikatoka kitabu cha "luga ya maua". Mwandishi alijiita Charlotte de Latour. Kisha wengine wengi wakatunga vitabu vyao, kila mmoja akiandika alivyopenda. Ndiyo sababu havikubaliani! Vitabu vya zamani vya Wafaransa vilisema waridi la manjano ni kukosa uaminifu. Leo wauza maua wa Marekani wanasema ni urafiki na furaha. Ua ni lile lile. Lililogeuka ni neno la muuzaji.

Tazameni tena krizantemo. Wabelgiji na Wafaransa wanaliweka juu ya makaburi siku za Watakatifu Wote na Marehemu. Kumpelekea bibi arusi ni kama kumtakia kifo. Lakini kule Japani ua hilo hilo ni alama ya mfalme wao mkuu. Na sisi wa Kivu tunamjua ndugu yake, pareto, ambalo wakulima wetu wa milimani wanalima kwa ajili ya dawa ya kuua wadudu. Je, nani ana haki: Mbelgiji, Mjapani, au mkulima wa pareto? Kila mmoja katika nyumba yake. Maana ya ua hukaa moyoni mwa yule anayelitoa na katika desturi ya watu wake.

Alama za kweli

Msifikiri nazarau alama. Eklezya inazipenda, nayo inajua kuzisoma. Wachoraji wa zamani walimchora malaika Gabrieli akimletea Bikira Maria habari njema, mkononi ameshika yungiyungi jeupe, alama ya usafi wa moyo. Mtakatifu Yosefu naye mara nyingi huwekewa ua hilo mkononi, kwa sababu alikuwa mume mwaminifu. Waridi ni ua la Maria. Hata jina la Rozari latoka katika neno la Kilatini la shamba la mawaridi. Tena waridi lina miiba. Anayefunga ndoa bila kujua miiba, atalia mwezi wa kwanza.

Na maua ya mchungwa? Huko Ulaya yamekuwa maua ya mabibi arusi tangu zamani. Malkia Viktoria wa Uingereza alipoolewa tarehe 10 Februari 1840 alivaa kichwani taji la maua hayo. Sababu ni nzuri: mchungwa huweza kubeba maua meupe na matunda kwa wakati mmoja. Ndiyo kusema usafi na uzazi pamoja. Lakini kwa kuwa mchungwa hauvumilii baridi ya kwao, wengi walitengeneza maua ya nta, wakayahifazi nyumbani chini ya kioo. Tuwaelewe: hawakuwa na miti.

Lakini sisi! Mchungwa unasimama nyuma ya jiko, nasi tunakwenda sokoni kununua ua la plastiki lililotoka China. Wao walitumia nta kwa ukosefu. Sisi tunatumia plastiki katikati ya wingi. Tena, mawaridi mengi yanayouzwa Ulaya yanalimwa hapa Afrika, kando ya ziwa Naivasha katika Kenya, na katika Etiopia. Mzungu ananunua ua bichi la udongo wetu, nasi tunanunua sanamu yake. Si jambo la kutuhuzunisha?

Ua la plastiki halifi, ndiyo kweli. Lakini halikuishi pia. Bibi arusi anayeapa upendo wa kweli huku ameshika ua la uongo, anahubiri nini?

Mkate uliogeuka maua

Mnamjua Mtakatifu Elizabeti wa Hungaria, aliyekufa mwaka 1231. Masimulizi ya wakristu yanasema kwamba siku moja alikuwa akiwapelekea maskini mikate, ameificha katika joho lake. Mumewe akamsimamisha: "Umebeba nini?" Alipofungua joho, mikate ilikuwa imegeuka mawaridi.

Leo sisi tunafanya kinyume chake. Tunachukua mkate wa watoto, feza za masomo, feza za kitanda na sufuria za nyumba mpya, deni la ndugu. Tunageuza yote kuwa mawaridi. Jumamosi yanasifiwa. Jumatatu yananuka kwenye takataka. Na jumanne mwenye deni anabisha mlango. Elizabeti aliwapa maskini. Sisi tunajifanya maskini wenyewe.

Siku ya 14 Februari

Neno moja juu ya siku wanayoiita ya wapendanao. Valentini alikuwa martiri wa Roma, nasi tunamheshimu. Lakini mwaka 1969 Eklezya iliondoa sikukuu yake katika kalenda ya wote, kwa kuwa habari za hakika juu yake ni chache sana. Tarehe ile tunawakumbuka Watakatifu Sirili na Metodi. Hata hivyo, kila mwaka vijana wanafazaishwa: asiyetoa waridi jekundu siku ile hana upendo! Mwaka 2024 tarehe hiyo iliangukia Jumatano ya Majivu, nami niliwaona wengine wakikimbilia waridi wakayaacha majivu.

Mjue wafanyabiashara wanavyoshika vitu vyema. Kule Marekani mwanamke mmoja, Anna Jarvis, alianzisha siku ya kuwaheshimu wamama mwaka 1908, akagawa mikarafuu myeupe ya bustani, ua alilolipenda mama yake. Upesi wauza maua wakapandisha bei. Yeye aliwapinga mpaka uzee wake, lakini hawakumsikia. Na sisi tutajifunza lini?

"Unatukataza furaha!"

Nasikia mtu akisema hivyo. Sivyo, ndugu yangu. Bwana wetu mwenyewe alihuzuria arusi ya Kana, tena hakukemea divai. Naye aliposema juu ya maua ya kondeni, alifundisha kwamba hata Solomono katika utukufu wake hakuvaa vizuri kama moja la hayo. Lakini fahamuni: alisifu maua ya kondeni, yale ambayo Baba anayavika bure.

Mwingine anasema: "Tukichuma nyumbani watu watatucheka." Nani atacheka? Ndugu zetu wa pwani, wa Zanzibar na Lamu, tangu zamani wanawapamba mabibi arusi kwa asumini, maua madogo meupe ya kwao wenyewe, na hakuna anayewacheka. Luga yetu ilitoka pwani. Mbona akili hii iliachwa njiani? Na mwaka 1988 Roma ilikubali Misale ya majimbo ya Zaire, tumsifu Mungu kwa ngoma na mwendo wa kwetu. Kama ngoma yetu inaingia mbele ya altare, ua letu litakatazwa na nani?

Basi fanyeni hivi

Wachumba, pangeni siku ya sakramenti kwanza, ndipo mhesabu feza. Feza zikiwa kidogo, sherehe iwe ndogo; siku isigeuzwe.

Komite ya arusi, ombeni maua kwa majirani. Katika milima ya Kivu arumu nyeupe zinaota vizuri penye maji. Mawaridi yako kwa masista na kwa wamama wengi. Wachumeni watoto asubuhi mapema kabla ya jua, waweke vikonyo ndani ya maji mara moja, na ndoo ikae kivulini. Bugenvilia ni nzuri kwa mlango na upinde, lakini ikikatwa hunyauka upesi, ichumwe mwishoni.

Kanisani, ulizeni padri. Maua huwekwa kandokando ya altare kwa kiasi, si juu ya meza yake. Wakati wa Kwarezima altare haipambwi kwa maua, ila Dominika ya Laetare na siku kuu. Mkichagua Kwarezima, msigombane na padri kwa jambo hilo.

Bibi arusi, watu wengine hutupa fungu lao nyuma ya mgongo, na wasichana wanalinyang'ania kama kuku. Wewe fuata desturi iliyo bora: baada ya Misa lipeleke mbele ya sanamu ya Bikira Maria, upige magoti na mume wako, mseme Salamu Maria moja. Mume, ulizoee jambo hilo. Ua moja ulilomchumia mke wako mwaka wa kumi wa ndoa, akitoka hospitali au shambani amechoka, linasema kuliko mia moja ya siku ile.

Nanyi wawili wa parokia yetu, labda mnasoma maneno haya. Sikuandika ili kuwaaibisha. Padri yuko. Mashahidi wawili, mimi na mke wangu, tuko tayari. Nyuma ya nyumba yetu mchungwa umechanua juma hili. Njoni mchume, msilipe kitu.