Alama za Mchezo

Tazama mama anayenunua samaki kando ya ziwa, pale Kalundu. Je, hutoa faranga zake mara moja? Hapana. Kwanza hushika mukeke, humfunua mashavu, akatazama ndani. Mashavu yakiwa mekundu, samaki ni wa leo. Yakiwa meusi, mama huenda kwa mvuvi mwingine, na yule wa kwanza akasirike akipenda.

Mchezo wa video hauna mashavu. Mtoto anayetaka kuuweka katika telefone huona picha nzuri tu: gari linang'aa, askari anaruka, mpira unaingia golini. Picha hizo zimechaguliwa na mwenye mchezo. Ili mtoto aujue mchezo wenyewe, sharti kwanza atumie mega, na mega ni faranga. Zikiisha, hazirudi. Basi, ni haki yake kuuliza wale waliotangulia kucheza.

Mwaka 1982 watoto wengi wa Marekani walipata mchezo uitwao E.T. Kampuni ya Atari ilikuwa imeupa jina la filamu iliyopendwa sana mwaka ule ule. Kuuunda kulichukua majuma kama matano tu. Watu walinunua jina. Nyumbani wakakuta kiumbe kidogo kinaanguka shimoni, kinapanda, kinaanguka tena. Michezo mingi ilibaki madukani, mingine ikarudishwa. Mwaka 1983 Atari ilifukia mzigo mkubwa wa michezo katika jangwa la New Mexico, na mwaka 2014 watu walichimba mahali pale wakaikuta. E.T. ilikuwamo.

Wajapani wana desturi nzuri. Gazeti la Famitsu, lililoanza mwaka 1986, huwapa wachunguzi wanne mchezo mmoja. Kila mmoja hutoa alama zisizozidi 10, na jumla haipiti 40. Mmoja akiwa na hasira siku ile, wenzake watatu wapo. Mpaka mwaka 1998 ndipo mchezo wa kwanza ulipopata 40 zote. Walimu wagumu kweli hao!

Lakini alama ni tarakimu tu. Mwanafunzi akirudi nyumbani na 6 kwa 10, baba yake hajui bado kama mtoto alishindwa kugawanya au alikosea kunakili hesabu ubaoni. Sharti afungue daftari. Kwa michezo ni vile vile. Maneno ya mchunguzi yana thamani kuliko tarakimu iliyo juu yake, kwa sababu maneno hueleza kilichomfurahisha na kilichomchosha, na pengine kinachomchosha yeye ndicho anachokitafuta mwingine.

Tena inafaa kujua mchunguzi alicheza kwa mashine gani. Mwezi wa Desemba 2020 ulitoka mchezo wa Cyberpunk 2077, kazi ya kampuni moja ya Polandi. (Mchezo huo ni wa watu wazima, lakini habari yake inawafaa hata watoto.) Kabla ya siku ya kuuza, wachunguzi walipewa mchezo wa kompyuta, na wengi wakausifu. Wenye PlayStation 4, mashine ya zamani kidogo, waliponunua wao, mchezo ulikwama mara kwa mara na picha zikaharibika. Mwezi haujaisha, Sony waliuondoa katika duka lao, wakakubali kurudisha fedha. Je, wachunguzi walisema uongo? Hapana, walisema kweli ya mashine yao.

Hapa Uvira jambo hilo ni kubwa zaidi. Nyota tano za mtu wa Paris zinatoka katika nyumba yenye umeme usiku na mchana. Hazimwambii mtoto wa Mulongwe kama mchezo unadai mtandao kila dakika, wala kama unamaliza betri kabla ya mchezaji kufika ngazi ya pili. Tangu mwaka 2021 duka la Google Play huonyesha katika telefone nyota zilizotolewa na watu wa nchi ile ile ya mwenye telefone. Ni jambo jema, ila Kongo ni kubwa, na Kinshasa si Uvira. Tena wengi hugusa nyota tano wakaenda zao bila neno. Wengine hutoa nyota moja kwa hasira, kumbe kosa ni la mtandao wao.

Anayesaidia ni yule aandikaye hivi: «Mchezo huu unachezwa bila mtandao. Kwa telefone ndogo unakwama. Betri yangu iliisha upesi.» Hayo si maneno matamu. Lakini mtoto wa Baraka akiyasoma, huku ana mega chache na telefone ya kaka yake, atajua la kufanya kabla hajagusa kitu.