Maziwa Meupe Si Ushahidi

Mwulize mfugaji wa Hai au Rungwe kama ng'ombe wake ana ugonjwa wa kiwele, naye ataangalia ndoo. Maziwa ni meupe, hayana mabonge wala damu, kiwele hakijavimba, basi ng'ombe ni mzima. Nasema bila kumung'unya maneno: imani hii inawafukarisha wafugaji wadogo.

Mabonge huja mwishoni. Kabla yake bakteria wanaweza kukaa ndani ya kiwele miezi mingi bila dalili yoyote ya nje. Staphylococcus aureus hujificha hata ndani ya chembe za mwili, ambako dawa nyingi haziwafikii vizuri, na tishu zinazotengeneza maziwa zinaendelea kuharibika. Panapokufa tishu huota kovu, na kovu halitoi maziwa. Inapungua lita moja, kisha nyingine. Mfugaji analaumu pumba, analaumu kiangazi, wapo wanaolaumu jicho la jirani. Kiwele hakuna anayekishuku.

Kituo cha kukusanyia maziwa nacho hakimwokoi, maana laktomita inamtafuta aliyeongeza maji, haitafuti bakteria. Kipimo kinachofaa kipo tangu 1957, kilipobuniwa Marekani na Schalm na Noorlander. Kinaitwa CMT. Ni sahani yenye vikombe vinne, kila chuchu na kikombe chake. Unakamulia maziwa kidogo, unamimina dawa ya sabuni, unazungusha. Sabuni hupasua chembe nyeupe ambazo mwili umezituma kupambana na maambukizi. Zikiwa nyingi, mchanganyiko unakuwa mzito kama ute wa yai. Kabla dakika haijaisha umejua chuchu ipi inaumwa. Hakuna maabara, hakuna umeme. Mbona basi wafugaji wengi hawajawahi hata kukiona? Hawakidai, kwa sababu macho yameshawaridhisha.

Na macho hayo ndiyo yanayoeneza ugonjwa. Huyu anayeitwa mzima anakamuliwa kwa zamu yoyote, kitambaa kimoja kinafuta viwele vya banda zima, mikono haioshwi kutoka ng'ombe hadi ng'ombe. Streptococcus agalactiae husafiri hasa kwa njia hiyo. Mabonge yakija kuonekana, mtu anakimbilia duka la dawa, anachoma sindano bila kipimo, kisha anauza maziwa kabla siku za kusubiri hazijakwisha. Dawa hiyo wanainywa watoto wetu. Hili linaniudhi kuliko hasara yote ya lita.

Kinga haina gharama kubwa: kitambaa cha kila ng'ombe, chuchu kuchovywa kwenye dawa ya iodini baada ya kukamua, mgonjwa kukamuliwa wa mwisho. Majani yawekwe horini mara tu baada ya kukamua, ng'ombe abaki amesimama, kwa kuwa tundu la chuchu hukaa wazi karibu nusu saa, na akilala kwenye kinyesi amekaribisha bakteria. Lakini yote haya mfugaji atayaona usumbufu mpaka aonyeshwe ugonjwa ulio ndani ya maziwa meupe. Chama cha ushirika kinachokata fedha katika kila lita ya mwanachama kina wajibu wa kununua sahani hiyo na kumtuma mtu nayo mabandani kila mwezi.