Vumbi la asbesto si la kuchezewa

Fundi anayebomoa paa la asbesto husema, "Miaka kumi sasa, na sijaugua." Asijidanganye! Mwaka 1960 Dkt J.C. Wagner na wenzake, nchini Afrika Kusini, walieleza visa 33 vya saratani ya utando wa mapafu. Baadhi ya wagonjwa hawakuwahi kuchimba asbesto. Waliishi tu karibu na migodi. Utafiti umeonyesha kwamba maradhi hayo huweza kuchukua miaka 20 hadi 50 kujitokeza.

Paa zima halina hatari kubwa. Hatari ni vumbi, linapokatwa au kuvunjwa. Kwa hiyo waajiri wawape mafundi barakoa maalum, paa liloweshwe maji na kuteremshwa bila kuvunjwa. Heri gharama hiyo kuliko matanga.